Kukimeza Kitabu

Mtaani kwetu kitabu hakisifiwi kwa maneno, kinasifiwa kwa saa. Muulize mtu wa Kariakoo, awe muuza nguo wa Mtaa wa Kongo au kijana anayesubiri gari Mnazi Mmoja, riwaya aliyoisoma ilikuwaje. Hatakuambia habari za dhamira wala mtindo. Atakuambia: "Aisee, nimekimaliza usiku mmoja." Akitaka kukisifu zaidi atasema hata chakula hakula. Na akitaka kukiponda atasema kilimkalia wiki mbili chini ya mto. Hapo hukumu imekwisha kutoka, na rufaa hakuna.

Ndugu msomaji, sina nia ya kuibeza hukumu hiyo kama wafanyavyo baadhi ya wakubwa wetu wa vyuoni, ambao kwao kitabu kinachosomeka haraka ni lazima kiwe cha hovyo. La hasha. Mtu aliyekesha na kitabu, kesho yake akaenda kibaruani macho mekundu, ana haki kubwa ya kusema. Ninachogombana nacho ni jinsi sisi tunaojifunza kuandika tulivyoichukua hukumu hiyo nzima nzima tukaifanya kipimo pekee cha kazi zetu. Kila msela mwenye daftari la riwaya anakuhakikishia kuwa yake "inasomeka chap chap". Haya, inasomeka. Halafu?

Nitaichunguza habari hii kwa upande wa riwaya za ajabu, maana ndizo zinazomezwa kuliko zote: za majini, za nchi zilizo angani, za watu waliogeuzwa mawe. Mapenzi na upelelezi nitavipitia kwa mbali.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu huo usiku mmoja. Mara nyingi si kitabu kilichoamua, ni foleni. Kitabu kizuri katika mji huu hakina mwenyewe, kina watu wanaokisubiri. Umekiazima kwa jirani, jirani kakiazima kazini kwa mwenziwe, na kesho asubuhi binti wa nyumba ya tatu anakitaka kabla hajaenda shule. Utasoma polepole wewe? Wengine tunanunua kwa wauza vitabu vya mitumba wanaopanga chini kando ya Samora na maeneo ya Posta. Nakala haina jalada, na mnunuzi mzoefu hufunua mwisho kwanza. Hatafuti kujua nani alikufa, anahakikisha kurasa za mwisho zipo. Mimi ninayo riwaya moja niliyouziwa ikiwa imekatika pale jini anapotaka kutaja jina lake. Hiyo nimeisoma kwa muda gani? Naisoma mpaka leo.

Na taa je? Kaka zetu wa mgao wa mwaka 2006 wanasimulia jinsi mafuta ya kibatari yalivyopanga mwendo wa kusoma: sura mbili, zima. Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa tarehe 9 Desemba 1967, iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, mwendo wa miguu tu kutoka sokoni. Lakini ukiingia utakuta wengi waliokaa mezani wamekuja na madaftari yao ya mitihani, wanachotafuta ni meza na utulivu. Msomaji wa riwaya anasomea anapopata: kwenye benchi la fundi cherehani, ndani ya mwendokasi akiwa amebanwa mlangoni, juu ya gunia la vitunguu akisubiri wateja. Mtu wa namna hiyo akikuambia alikesha, jua kitabu kilishindana na mambo mengi.

Wapo pia wanaopenda tarakimu. Mwaka 2019 mtafiti wa Ubelgiji, Marc Brysbaert, alikusanya tafiti nyingi za usomaji wa Kiingereza wa kimoyomoyo akapata wastani wa maneno 238 kwa dakika kwa maandishi ya maarifa, na 260 kwa hadithi za kubuni. Maelezo yake ni kwamba hadithi hutumia maneno mafupi zaidi. Namba nzuri, ila usizichukue ukampimia msomaji wa Kiswahili. "Hatukumwambia" kwetu ni neno moja, Mwingereza anahitaji matano kusema hilohilo. Wafini nao, ambao lugha yao hubandika viambishi kama yetu, husoma maneno machache kwa dakika kuliko Waingereza, na hakuna anayesema Wafini ni wazito wa kichwa.

Na kama siri ya kasi ingekuwa ufupi wa maneno, Shaaban Robert angekuwa mzito kama jiwe la kusagia. Sentensi zake ni ndefu, zinatembea kwa kanzu na bakora, na msamiati wake mwingine tunauliza wazee. Mbona basi Adili na Nduguze kinamezwa?

Nimekipeleka kitabu hicho kwa watu ambao hawasomi kabisa, watu wa "mimi na vitabu mbalimbali". Kimerudi kesho yake. Kilitoka mwaka 1952, ni chembamba, na kinafunguliwa kwa mtego ambao sijaona aliyeupita katika Kiswahili. Mjumbe wa Mfalme Rai anafika Janibu kwa shughuli za kodi. Mwenyeji wake ni liwali Adili, mtu anayesifika kwa haki. Usiku mjumbe anagundua kuwa mtu huyu mwema anao manyani wawili, na kila usiku anakwenda kuwachapa. Anawachapa, kisha anawatunza kama wageni wa heshima. Mtu mwadilifu, manyani, kiboko, usiku. Nani ataweka kitabu chini hapo?

Sasa angalia anachofanya mwandishi. Swali hilo halijibu kwa haraka. Mambo yote yanayofuata, yaani safari ya baharini, mji ambao watu wake wamegeuka mawe, binti Mwelekevu aliyepatikana humo, ndugu kumtosa ndugu yao majini, jini Huria kumwokoa, yote hayo ni jibu la swali moja. Kila ajabu mpya inakupeleka karibu na kile chumba cha manyani. Ndiyo maana nasema msomaji wa Adili anavutwa, hafukuzwi. Tofauti hiyo naomba uishike, nitairudia nikifika kwenye magazeti.

Jambo la pili ni majina, na hili wenzangu wengi hawalitilii maanani. Hasidi ni hasidi. Mwivu ana wivu. Adili ni mwadilifu. Msomaji hapotezi hata dakika kukumbuka nani ni nani. Katika Kusadikika mshitaki anaitwa Majivuno, na katika Kufikirika yupo mwalimu anayekwenda kwa jina la Utubusara Ujingahapana. Watu wanacheka kwamba huo ni utoto. Hebu mlinganishe na Tolkien, ambaye vitabu vyake vitatu vya mwaka 1954 na 1955 vilitoka na ramani, na ukoo mzima wa majina ambayo inabidi uyaandike kwenye kikaratasi. Tolkien anakutaka uhamie katika nchi yake, ujifunze lugha yao. Shaaban Robert anakufungulia mlango wa mbele, na aliyesimama mlangoni kavaa tabia yake kifuani. Hivi ni vyanzo viwili tofauti vya mwendo, wala kimoja hakina haki ya kukicheka kingine.

Lakini kasi hiyohiyo inatunyima kitu. Wasomi wameonyesha kuwa kisa cha Adili kina asili katika Alfu Lela Ulela, katika hadithi ya Abdullah bin Fadil, gavana wa Basra, na ndugu zake wawili. Kule ndugu wale waligeuzwa mbwa. Shaaban Robert akawafanya manyani. Anayekimeza kitabu hawezi kusimama hapa, na hapa ndipo pa kusimama. Mwambie mtu wa pwani kwamba mbwa kachapwa, hatashtuka sana, maana mbwa kwa wengi wetu ni wa kufukuzwa hata barazani. Nyani ana vidole. Nyani ana uso, anakutazama. Ukimchapa nyani unaona kitu kinachofanana na mtu kikijikinga kwa mikono. Mwandishi wa Tanga alibadili mnyama mmoja tu, na adhabu yote ikabadilika harufu. Tena Adili hapigi kwa kupenda, anapiga kwa amri ya jini. Wale niliowaazima walinirudishia kitabu wakisema "wabaya wamekomeshwa", wakati mwisho wa kitabu ni mfalme kuwaombea hao wabaya warudishiwe ubinadamu wao. Wamekisoma usiku mmoja, na huo msamaha wameupita kama daladala isiyosimama kituoni.

Kusadikika kina bahati mbaya zaidi. Kimetoka mwaka 1951, na wengi wetu tulikutana nacho kwa amri ya mwalimu, jambo ambalo pekee linatosha kukipunguza mwendo. Karama anashitakiwa kwa kufundisha sheria katika nchi inayoelea angani, na katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa huku na huku, hata juu na chini, wakarudi na maarifa ya kuifaa nchi, wakalipwa mateso. Mtaani wanasema: kinajirudia. Kweli kinajirudia. Ukifika mjumbe wa tatu umeshajua atafungwa. Ndipo wasomaji wanapoanza kuruka kurasa ili wafike hukumuni. Mimi naona kujirudia huko ndiyo hoja yenyewe: nchi inaletewa zawadi mara sita na mara sita inamfunga mleta zawadi, na mwandishi anakulazimisha ukae mahakamani uhesabu. Anayeruka amejitoa katika orodha ya mashahidi. Hata hivyo sitasema uongo, hotuba za Karama nyingine zingepunguzwa na kitabu kisingeumwa.

Zamani jambo hili la kasi halikuwa mikononi mwa msikilizaji hata kidogo. Utenzi wa Rasi 'lGhuli una beti zaidi ya 4,000, umejaa vita na maajabu, na ukighaniwa huwezi kumwambia mghani aruke. Bibi naye akisema "paukwa" ukaitika "pakawa" mwendo ni wake, akitaka kunywa maji anakunywa, na zimwi linasubiri hapo hapo. Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela alikuwa na akili kuliko wote: alikata hadithi alfajiri ili asikatwe shingo. Yeye ndiye mama wa "itaendelea".

Tukifika kwa "itaendelea" tumefika kwenye magazeti. Baada ya mwaka 1992 vyama vingi viliporuhusiwa, magazeti binafsi yalizagaa, na hadithi za mfululizo zikawa sababu ya watu kununua karatasi ambayo habari zake hawakuzijali. Kabla ya hapo majarida yalikuwapo, Sani likiwa mojawapo, jina lililoundwa kwa kuunganisha mwanzo wa majina ya Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. Ndumilakuwili na Lodi Lofa ulikuwa unawamaliza kwa dakika chache umesimama kwenye meza ya muuza magazeti, ukaondoka nao wiki nzima. Kisha alikuja Eric Shigongo na magazeti yake ya udaku, na watu wazima na heshima zao wakawa wanahesabu siku kwa ajili ya Rais Anampenda Mke Wangu. Sasa mambo yamehamia kwenye simu. Kuna vikundi vya WhatsApp ambamo sehemu ya kumi na nne inatumwa saa tatu usiku, na saa tatu na dakika tano watu wanaandika "lete nyingine".

Uzuri wa mfumo huu siupingi. Umewafundisha watu kusubiri maandishi kama wanavyosubiri mechi ya Simba na Yanga. Umewalipa waandishi kidogo, wakati wachapishaji wengi wanaangalia muhtasari wa shule tu. Tatizo linakuja pale mfululizo unapokusanywa kuwa kitabu. Kila kipande kiliandikwa kiishie kwenye shimo ili mtu anunue gazeti lijalo. Ukiviunganisha, mashimo yanabaki. Mlango unafunguka, Zaituni anapiga ukelele, mwisho wa sura. Unafunua: kumbe paka. Simu inaita usiku wa manane, sauti isiyo ya binadamu, mwisho wa sura. Unafunua: kumbe shemeji ana mafua. Huku ndiko kufukuzwa nilikokusema. Hukimbii kwa sababu unataka kufika mahali, unakimbia kwa sababu kuna kitu nyuma yako, na ukigeuka hakuna kitu. Ukishamaliza utaapa kwamba kilikuwa kitabu cha nguvu. Subiri siku tatu, kisha jaribu kukisimulia.

Kuna sababu nyingine inayofanya hadithi zetu za majini ziteleze, na hii haina uhusiano na ufundi wa mwandishi hata chembe. Msomaji anakuja na nusu ya kitabu mfukoni. Andika "harufu ya udi ikajaa chumbani", basi, huhitaji kueleza zaidi. Msomaji wa Ilala anajua nani ameingia. Andika mbuyu, kisima cha zamani, mwanamke mzuri mno anayesimamisha teksi saa nane usiku Barabara ya Ocean. Mwandishi wa Ulaya angetumia kurasa hamsini kuijenga dunia hiyo, sisi tumeikuta imejengwa na bibi zetu. Na mpaka wake na habari za kweli ni mwembamba. Mwaka 1995 Popobawa alipozuka Pemba na Unguja, watu wazima walilala nje kwa makundi, mioto ikiwaka, na hofu ikavuka maji mpaka huku Dar. Mtu aliyekulia katika simulizi hizo akisoma riwaya ya jini hasomi njozi tupu. Anasoma kitu kama gazeti. Bila shaka atasoma mbio, nani anasoma polepole habari za hatari iliyo jirani?

Ndiyo maana naona waandishi wengi wa majini wanapewa sifa isiyo yao. Wanakopa hofu iliyoko mtaani, hawairudishi na riba. Jini wao wa sura ya kwanza ndiye jini wa sura ya mwisho, ana kwato, anapenda damu, anachukia adhana. Huria wa Shaaban Robert ni jini pia, lakini ana deni, ana hasira, analipa wema, na mwisho anasikiliza ombi la mfalme wa watu. Yule unaweza kubishana naye.

Sasa tuje kwa mtu aliyefunga breki kabisa. Euphrase Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020, alianza na vitabu vilivyomezwa kama maji. Rosa Mistika, 1971, kilipigwa marufuku shuleni kwa muda, na hakuna dawa ya kasi inayozidi marufuku. Kisha mwaka 1990 akatoa Nagona, na mwaka uliofuata Mzingile. Kwa unene havifiki popote, kila kimoja hakizidi kurasa themanini. Vyembamba kama Adili. Mbona haviishi?

Wengi watakuambia ni lugha ngumu. Si kweli, na anayesema hivyo hajavifungua. Sentensi za Nagona ni fupi, maneno ni ya kila siku, mtoto wa darasa la saba anaweza kuyatamka na kuyafahamu moja moja. Kinachokukwamisha ni kwamba hakuna chumba cha manyani. Kuna mtu anasafiri, hatujui anatoka wapi. Anafika katika mji wa kimya. Wanafikra wakubwa wa Ulaya wanajitokeza kana kwamba ni wazee wa kijiji. Kuna paa anayetafutwa, kuna ngoma inayongojewa. Kila ukurasa unauliza swali jipya kabla la zamani halijajibiwa, kwa hiyo huna swali la kukuvuta wala hofu ya kukufukuza. Umeachwa porini na miguu yako.

Tulikisoma Nagona wanne, pale kwenye kijiwe chetu cha kahawa karibu na Mtaa wa Msimbazi, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza. Kilituchukua karibu mwezi. Mara nyingine aya moja ilitosha kwa jioni nzima, watu wakabishana mpaka muuza kahawa akatufukuza. Kwa sauti kilikubali. Kile kilichokuwa kizito kimoyomoyo kilianza kusikika kama mtu anayesimulia ndoto, na ndoto hakuna anayeidai mantiki asubuhi. Nafikiri Kezilahabi alikuwa karibu na bibi wa paukwa kuliko wanavyodhani wanaomwita mwandishi wa wasomi.

Lakini siwaungi mkono wanaosema ukishindwa kumwelewa Kezilahabi kosa ni lako. Zipo kurasa, hasa za mijadala ya hao wanafikra, ambazo tulizisoma mara tatu tukabaki na majina tu. Msomaji aliyechoka, aliyelipa hela yake, ana haki ya kupewa kitu kabla hajavuka mto. Ugumu nao unaweza kuwa ujanja wa kujificha kama ule wa mlango na paka, ila wenyewe unavaa miwani.

Katikati ya hao wawili nawawekea wenzangu Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995. Mtu anayeitwa Dzombo anahukumiwa kifo, na kifo chenyewe ni kutiwa katika chombo na kurushwa angani. Anatua katika nchi nyingine ambako mambo yako kinyume na kwao. Stori inakwenda, ina roketi, ina hatari, kijana yeyote ataifuata. Halafu katika kusoma, ghafla, jina la nchi linafunguka mdomoni mwako: wale ni sisi. Mimi nilisimama hapo. Nilirudi kurasa arobaini nyuma, nikazisoma upya kwa macho mengine. Kitabu kimoja kikakimbia na kusimama, na aliyechagua mahali pa kusimama ni mwandishi. Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, 2001, na Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila, 2002, vinajaribu jambo la jirani na hilo. Cha Mohamed kinanikolea zaidi kwa sababu yule babu aliyetoka kaburini ana ulimi wa kuchoma, na mtu husimama mwenyewe kumsikiliza mzee anayemsuta mkubwa.

Mnaweza kuniuliza yananihusu nini haya yote. Yananihusu kwa sababu ninao mswada. Soko la Kariakoo tunalolijua, lile alilolichora Beda Amuli likafunguliwa mwaka 1975, lina ghorofa ya chini ya ardhi, Shimoni. Lilipoungua Julai 2021 nilianza kujiuliza kama chini ya Shimoni kungekuwa na soko jingine, linalouza vitu ambavyo huku juu watu wamevipoteza: sauti, majina, miaka. Nikaandika. Nilipomaliza nikawapa vijana watatu wa mtaani, wasomaji wazuri, wakali. Wote walirudi na sifa ileile, usiku mmoja. Mchapishaji mmoja alinisifu hivyo hivyo kisha akaniambia riwaya za ajabu haziingii shuleni, basi. Nikawauliza wale vijana: mama wa Sudi aliuza nini kule chini? Hilo ndilo jambo ambalo kitabu kizima kimesimama juu yake. Hakuna aliyekumbuka. Mmoja alisema figo.

Nikaenda nikang'oa milango. Kila sura iliyoishia kwenye ukelele niliipa mwisho wake halali hapo hapo, paka akajulikana ni paka. Swali la mama wa Sudi nikalitoa katikati ya kitabu nikaliweka ukurasa wa kwanza, mahali pa kiboko na manyani. Nikampa msomaji wa nne, fundi simu wa Mtaa wa Aggrey, ambaye hana subira hata ya kusubiri chaji ijae. Alikaa nao siku tisa. Siku ya kumi akanifuata kibandani kwangu, kalamu sikioni, mswada umepigwa mistari ya wino wa bluu ambayo sikumruhusu, ana maswali manne. Matatu nilimjibu. La nne alitaka kujua kama aliyenunua ile sauti huko chini ndiye anayeita abiria kituo cha Gerezani ukurasa wa tisini na sita, maana amesoma mara mbili na anaona ni yeye.